Chai yenye fleva ya krimu inanukia vizuri ila mdomoni hamna kitu, nakosea wapi?

SWALI: Habari mtaalamu. Nimenunua majani ya chai nyeusi yenye fleva ya krimu, ndani imeandikwa vanila na bergamoti. Nikifungua pakiti harufu ni tamu mno, kama keki imetoka jikoni saa hiyohiyo. Ila nikiipika nakuta chai chungu tu inayokausha ulimi, na nikitia maziwa ndo harufu inapotea kabisa. Nimejaribu kuacha majani dakika nane, kumi, nimejaribu hata kuyachemsha kwenye sufuria na maziwa, inazidi kuharibika. Humo ndani kuna krimu kweli au nimepigwa? Na naionjaje mpaka niipate hiyo krimu? Halafu, majani yakishatumika naweza kuyatumia tena?

JIBU: Hujapigwa ndugu yangu, au tuseme bado hatujajua kama umepigwa, maana kwa upishi huo hata majani mazuri kabisa yangetoka hivohivo. Unaitafuta harufu kwa kuongeza dakika, na dakika zinakuletea kitu kingine kabisa. Ongeza majani, punguza muda. Ukitaka kuishia hapa ishia hapa, nenda kajaribu, ila ukiwa na nafasi soma mpaka mwisho, kwa sababu ukishajua kinachotokea ndani ya kikombe hutahitaji tena vipimo vya mtu.

Tuanze na hiyo krimu. Kwenye majani yako hakuna krimu, hakuna maziwa, hakuna mafuta ya maziwa. Kilichomo ni harufu. Kiwandani wanachukua majani ya chai nyeusi yaliyokwisha kukauka, wanayatia kwenye pipa linalozunguka, wanayapulizia mchanganyiko wa harufu mpaka jani linywe. Mchanganyiko wenyewe mara nyingi ni vanilini, ambayo ndo harufu kuu ya vanila, pamoja na familia ya vitu vinavyoitwa laktoni ambavyo kiasili vimo kwenye maziwa, siagi na hata nazi, na wakati mwingine wanaongeza diasetili, hiyo ndo inafanya siagi inukie siagi. Hapo kwako wameongeza na bergamoti, yaani mafuta ya ganda la tunda fulani la jamii ya limau ambalo kwa sehemu kubwa linalimwa Calabria, kusini mwa Italia. Bergamoti peke yake kwenye chai nyeusi ndo Earl Grey, ukiweka vanila juu yake unapata hiyo ya krimu. Vile vipetali vya bluu unavyoviona humo ni mapambo, usivisumbukie, havina ladha yoyote ya maana.

Angalizo moja tu, kama una aleji ya maziwa soma pakiti hata hivyo, kwa sababu baadhi ya fleva za siagi na krimu zinatengenezwa kutokana na maziwa yenyewe.

Sasa fanya jaribio hili leo hii kabla hujabadilisha chochote. Pika kikombe chako, kiache kipoe kidogo, ziba pua kwa vidole, kunywa funda moja, lizungushe mdomoni, halafu ndo uachie pua. Ukiwa umeziba pua utapata uchungu, utapata ule ukavu wa ulimi, utapata uzito wa chai, basi. Vanila haipo, krimu haipo. Ukiachia pua tu vyote vinarudi kwa pamoja. Hapo umejionea mwenyewe kwamba karibu kila unachokiita ladha ya krimu kinapita njia ya nyuma ya koo kwenda puani, ulimi hauhusiki. Na harufu ya vanila haina sukari hata chembe, ni ubongo tu umezoea kuikuta kwenye vitu vitamu kwa hiyo unasema "hii tamu" wakati chai haina utamu wowote. Ndo maana pakiti inakuahidi keki na kikombe kinakupa chai, pua ilikuwa inanusa bila ulimi kuingilia.

Ila harufu peke yake haitoshi. Krimu halisi ukiiweka mdomoni ina vitu viwili, ina harufu na ina ulaini, ule utelezi. Sasa chai nyeusi ina polifenoli nyingi, watu wengi wanaziita tanini, na hizo zikifika mdomoni zinashikana na protini za mate na mate yanapoteza utelezi wake. Huo ndo ukakasi, ndo unaokukausha ulimi. Kwa hiyo unaona mgongano uliopo, pua inaambiwa krimu, ulimi unaambiwa kinyume kabisa cha krimu, na ukakasi ukizidi ulimi ndo unashinda. Kazi nzima ya kupika chai ya aina hii ni kuutuliza ulimi ili pua iaminike.

Na hapa ndo dakika zako kumi zinapoharibu. Ukimwaga maji ya moto juu ya majani, harufu iliyopulizwa juu ya jani inatoka mwanzoni kabisa, kwa sababu imekaa nje nje tu. Kafeini nayo inatoka mapema. Polifenoli zinaanza pia mapema lakini zinaendelea kutoka, na kutoka, na kutoka. Kufikia dakika ya tatu au ya nne harufu nyingi imeshaingia kwenye maji, baada ya hapo unachoongeza zaidi ni ukakasi na uchungu, na ile harufu nyepesi ya bergamoti inazidi kupaa na mvuke, hasa kama hujafunika. Yaani unasubiri kitu ambacho kinaondoka.

Basi pika hivi. Chukua gramu 3 za majani kwa mililita 200 za maji, na kama huna mizani ndogo, kijiko cha chai kilichojaa vizuri cha majani marefu kina kama gramu 2, kwa hiyo kijiko kimoja na nusu. Majani yaliyosagwa chembechembe ni mazito zaidi, kijiko kimoja kinafika gramu 3 au karibu na hapo. Chemsha maji mapya, yasiwe yale yaliyolala kwenye birika tangu asubuhi, yakichemka zima moto subiri kama nusu dakika yafike nyuzi 95 hivi. Wakati huohuo suuza buli au kikombe kwa maji ya moto umwage, hiki kitendo watu wanakidharau ila chombo baridi kinashusha joto haraka na chai inatoka imepooza. Weka majani, mwaga maji, FUNIKA, hesabu dakika 3 kama ni majani marefu, 2 kama ni chembechembe au ya kwenye mfuko mdogo, kisha chuja yote. Usiache majani humo eti unakunywa taratibu, yanaendelea kufanya kazi huku wewe unapiga stori.

Majani yakiwa chujioni yape nafasi, usiyawekee kichujio kile kidogo cha duara kinachobana, yanavimba mara kadhaa ya ukubwa wake na yakibanwa yale ya katikati hayapati maji.

Maji nayo yana mchango wake. Kama ukipika chai unaona utando kama mafuta juu, wenye rangirangi, ukigusa unavunjikavunjika, wala hayo sio mafuta ya fleva kama watu wanavyodhani, hayo ni maji magumu, kalsiamu iliyoko kwenye maji inaungana na polifenoli na hewa. Maji ya hivyo yanaifanya chai iwe na rangi ya matope na harufu inalala. Jaribu maji yaliyochujwa au ya chupa yenye madini kidogo, kikombe kimoja tu kwa kulinganisha. Na kama maji yako yananuka klorini, vanila haina uwezo wa kupigana nayo.

Kuonja sasa. Kwanza usiionje ikiwa inaunguza. Ikiwa ya moto mno, juu ya nyuzi 65, huonji vizuri, na isitoshe shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2016 liliweka vinywaji vya moto unaozidi hapo kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinachangia saratani, kwa hiyo huna sababu ya kuharakisha. Wakati unasubiri nusa mfuniko wa buli kwa ndani, hapo harufu inakuwa imejikusanya, afu nusa yale majani yaliyolowa. Majani yaliyolowa hayajui kudanganya, yakinukia vanila na chini yake ukasikia mkate, kimea, asali, umepata chai nzuri iliyotiwa fleva. Yakinukia vanila tu na chini yake kama karatasi iliyolowa, fleva imewekwa kuficha jani bovu, na hapo sasa tunaweza kusema umepigwa.

Ukifika kwenye kunywa, vuta funda dogo pamoja na hewa kwa kelele, ndio, kwa kelele, waonjaji wa chai wanaolipwa mshahara wanafanya hivyo kila siku na hakuna anayeona aibu, chai inatapakaa mdomoni na harufu inapanda puani. Meza, funga mdomo, toa pumzi kwa pua. Krimu unayoitafuta iko kwenye hiyo pumzi ya kutoka, wengi wanaikosa kwa sababu wameshawahi funda la pili.

Halafu rudi kwenye kikombe hichohicho kadiri kinavyopoa. Mwanzoni kikiwa cha moto bergamoti ndo inaongea sana, ile harufu kali ya ganda, kwa sababu inaruka kwa wepesi. Vanilini ni nzito, inachemkia nyuzi 285, kwa hiyo inabaki nyuma. Kikombe kikifika uvuguvugu bergamoti imetulia, vanila na siagi ndo zinatokeza. Ikipoa kabisa na ukaona imekuwa na ukungu, usimwage, hiyo ni kafeini imeshikana na polifenoli zikashindwa kubaki zimeyeyuka, na waonjaji wa zamani hadi wa leo wanaichukulia ni dalili ya chai yenye nguvu. Cha kuchekesha ni kwamba na wao hiyo wanaiita krimu ya chai, wala haina uhusiano na fleva yako.

Kuhusu maziwa. Umeona vizuri kwamba yanaua harufu, sio mawazo yako. Mafuta ya maziwa yanapenda kuzishika hizi harufu, na protini za maziwa zinaishika vanilini pia, kwa hiyo kinachobaki cha kupaa mpaka puani ni kidogo. Ukiongeza na kwamba maziwa ya friji yanashusha joto la kikombe, umeizima harufu mara mbili. Lakini upande wa pili maziwa yanafanya jambo zuri sana, ile kaseini, yaani protini kuu ya maziwa, inazikamata polifenoli kabla hazijafika kwenye mate yako, ukakasi unashuka, na mafuta yanaleta ule utelezi ambao chai haikuwa nao. Yaani maziwa yanakupa nusu ya krimu iliyokuwa inakosekana na kukunyang'anya nusu uliyokuwa nayo. Suluhisho ni kuipika chai nzito kwa ajili ya maziwa tangu mwanzo, gramu 5 kwa mililita 200, dakika 4, halafu maziwa mililita 30 hadi 40 tu, yaani vijiko viwili vikubwa na ushee, yaliyopashwa moto kidogo bila kuchemka. Maziwa ya mafuta kamili, sio yale yaliyotolewa mafuta, maana hayo yanashika harufu na hayakupi utelezi wa maana, hasara tupu. Weka na nusu kijiko cha chai cha sukari kama hujakatazwa, sio lazima ila vanila inaamka sana ikipata sukari hata kidogo. Ambaye hataki sukari kabisa ajaribu punje chache za chumvi, punje chache nasema, chumvi inapunguza uchungu kabla hujaisikia yenyewe.

Mi binafsi chai hii nakunywa bila maziwa, nadhani ndo inavyopendeza, ila najua wengi hawanielewi na sina ugomvi.

Kama maziwa yanakatika ukiyatia, angalia viungo vya pakiti. Bergamoti haikatishi maziwa kwa sababu ni mafuta ya ganda, hayana asidi ya juisi. Lakini chai za "krimu ya stroberi" na wenzake mara nyingi zina maua ya rosela au vipande vya matunda vyenye asidi, hizo zinakatisha kweli, na hakuna ufundi wa kuziokoa, zinyweni hivohivo bila maziwa.

Kuchemsha kwenye sufuria je? Majani ya kawaida chemsha utakavyo, chai nzito ya maziwa inapatikana hivyo na ni tamu. Majani ya fleva ukiyachemsha unainusisha nyumba nzima harufu uliyoinunua, kwenye kikombe inabaki ukakasi tu. Ukitaka vyote viwili fanya hivi, chemsha maji, maziwa na majani ya kawaida yasiyo na fleva kama ulivyozoea, zima moto, SASA weka yale ya fleva, funika vizuri, dakika 3, chuja. Mwili wa chai unatoka kwa majani ya kawaida na harufu inatoka kwa haya. Hii njia ni nzuri pia kwa pakiti ambayo fleva imezidi mpaka inanuka kama sabuni, ile harufu ya sabuni ni bergamoti iliyopitiliza, ukiichanganya nusu kwa nusu na chai ya kawaida inatulia.

Siku ya kununua pakiti nyingine angalia chai yenyewe iliyopuliziwa fleva imetoka wapi. Assam, ya India, ina kimea na uzito, inabeba krimu na maziwa bila kutetereka, shida yake ni kwamba ukizidisha dakika moja inakuadhibu. Majani ya Yunnan, China, yenye ncha za rangi ya dhahabu ni malaini kiasili, ukakasi kidogo, kwa mtu anayekunywa bila maziwa hayo ndo ningemwambia ayatafute. Keemun, nayo ya China, ni laini, ina kaharufu ka kakao. Ceylon, yaani ya Sri Lanka, ni nyepesi na changamfu, bergamoti inaipenda ila krimu inakosa pa kukaa. Darjeeling, nyingine ya India, waachie wenyewe, kuitia fleva ni kuionea.

Na usidanganyike sana na neno "asilia". Vanilini ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1874 na Wajerumani Tiemann na Haarmann, na molekuli ile ni ileile iliyomo kwenye vanila. Tofauti ni kwamba tunda la vanila lina mamia ya harufu nyingine ndogondogo pembeni, kwa hiyo vanila halisi ina kina zaidi, ile ya maabara iko wazi na imenyooka. Zote zinaweza kutoa kikombe kizuri. Kinachokera ni kipimo kuzidi, hapo unabaki na mdomo wenye uchungu wa ajabu nusu saa nzima.

Hifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa wala mwanga, mbali na viungo na kahawa, na mbali na chai zako nyingine maana hii inaambukiza harufu. Usiipike kwenye buli la udongo lisilo na gilazi, yaani lisilopakwa ile ngozi laini ya kung'aa, udongo ule unainywa vanila na kila chai utakayopika humo baadaye itakuwa na vanila. Maliza pakiti ndani ya miezi michache. Bergamoti ndo inaanza kuharibika, ikikutana na hewa muda mrefu inageuka kuwa na harufu ya rangi za kupaka ukutani, ukiisikia hiyo hakuna upishi utakaosaidia.

Kutumia majani mara ya pili inawezekana ila fleva imeshaondoka karibu yote, utapata chai nyeusi ya kawaida iliyopungua nguvu. Badala ya hapo kama lengo ni kubana matumizi, jaribu ya baridi, gramu 10 kwa lita moja ya maji ya kawaida ndani ya chupa yenye mfuniko, weka friji usiku kucha, masaa 8 hadi 12, asubuhi chuja. Maji baridi yanatoa ukakasi kidogo sana, vanila inatoka taratibu, na ukiinywa bila kutia chochote ndo utaisikia ile krimu ya kwenye pakiti ilivyo karibu zaidi kuliko njia nyingine zote nilizokuandikia hapa.